Senti Kumi kwenye Mizani ya Walter

Watu wa Sori, kando ya Ziwa Viktoria, walinijua kwa mambo mawili: dagaa safi aina ya omena na wazimu wa sarafu za Marekani. Ni kaka yangu Boaz, baharia, aliyeniambukiza. Kila akija likizo aliniletea sarafu na kunieleza ipi inatafutwa na wakusanyaji na ipi ni chuma tu. Mume wangu alicheka: pesa gani isiyonunua hata chumvi? Nikamwacha acheke.

Niliyoikosa ilikuwa moja tu: senti kumi ya madini ya fedha, ya mwaka 1916, yenye herufi D ndogo mgongoni. Zilitengenezwa chache mno. Zisizo na D ni za kawaida.

Mwaka 1994 nikapeleka omena kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, nikaona senti kumi kama hiyo juu ya mizani ya Walter, mnunuzi wa dhahabu. Kule wanunuzi walipima kwa njiti za kiberiti na sarafu. Walter alipimia senti kumi ya Marekani, na akina mama wachimbaji waliiamini kama mawe ya mizani ya serikali. Upande wa juu ulisomeka 1916. Nikasogea.

"Walter, nigeuzie kidogo nione mgongo wake."

"Aa, Mama Liz, hiyo haiguswi. Ukigusa inapoteza uzito."

Jamani! Sarafu gani hupungua kwa kuguswa? Wiki iliyofuata nilirudi na senti kumi yangu ya kawaida, ya aina ileile. Filister, mchimbaji, alikuwa akingoja kupimiwa. Kabla Walter hajanizuia, nikaiweka yangu kwenye sahani ya pili ya mizani. Zilipaswa kulingana. Yake ikazama, yangu ikabaki juu: kumbe kila mchimbaji alitoa dhahabu zaidi ya aliyolipwa.

Walter akanivuta kando. "Mama Liz, wewe unataka hiyo sarafu, sindio? Chukua, bure kabisa. But unyamaze."

Sitadanganya, nilitamani. Miaka yote ile ya kutafuta, na sasa ilikuwa ya kunyoosha mkono tu. Kisha nikaona viganja vya Filister vilivyochubuka kwa kuponda mawe, nikajionea aibu. Hasira ikanipanda.

"Filister! Kuja uone hii mizani. Unaibiwa!"

Filister akaja, akainyakua sarafu ya Walter, akaigeuza. Mgongo wote ulikuwa umepakwa nta, na ndani ya nta mmebanwa vipande vya risasi, ile ya kuzamishia nyavu. Loo! Akina mama walimzingira Walter asipate pa kutokea. Dhahabu ikapimwa upya kwa senti yangu, wakaamua kuanzia hapo senti hiyo ya kupimia itunzwe na Filister, si na mnunuzi yeyote.

"Na hii ingine?" mmoja akauliza. "Tupa kwa choo," mwenzake akajibu.

Nusura nizimie. Nikawaambia ukweli: huenda ikawa ile inayotafutwa ng'ambo kwa bei kubwa, na hata mimi naitafuta, ingawa sina haki ya kuidai.

Filister akaitumbukiza kwenye chai yake ya moto mpaka nta ikalainika, akaifuta kwa leso.

"Hii imekula jasho yetu," akasema, "kwa hivyo ni yetu. Na sisi tunakupatia wewe, nyar Sori, binti wa Sori."

Nikaigeuza kiganjani. D, ndogo, chini kabisa. Nikapiga kigelegele, na wale akina mama, bila kujua herufi hiyo ina maana gani, wakakipokea mpaka machimbo yote yakasimama.