Kuponi ya Namba Saba

Mwau wa Kimbo hakuwa mtu wa kukurupushwa na simu. Lakini Zahra alipompigia asubuhi ile kutoka Majengo, Thika, akamwambia kwamba katika sanduku la marehemu baba yake amekuta katuni ya Kapteni Tufani, namba saba, mzee aliacha chai mezani, akavaa koti lake la kwendea harusi, akaelekea mlangoni. Mkewe Syombua alimuuliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba," alisema Mwau. "Kuna namba saba."

Syombua akaifunika ile chai, maana habari za namba saba alikuwa amezisikia tangu aolewe.

Kapteni Tufani ilichapwa kila mwezi pale Thika miaka ya sabini, katika mtambo mdogo uliokwisha kufa zamani. Kwa miezi sita mfululizo, mwizi mwenye barakoa aliwahangaisha watu wa mjini. Katika namba saba ndipo barakoa inavuliwa. Lakini mwezi huohuo mchapishaji alitangaza mashindano ya bahati nasibu, zawadi ikiwa baiskeli. Atakayeshiriki akate kuponi ukurasa wa mwisho wa hadithi, aitume kwa posta. Na ili watu wasiazimane nakala, picha ya mwisho kabisa, ile ya barakoa kuvuliwa, iliwekwa ndani ya kuponi yenyewe.

Nani asiyetaka baiskeli? Thika nzima ilishika wembe. Mwau wakati huo alikuwa akinunua katuni kuukuu, zilizokwisha kupita mikono mitano, na namba saba yake ilimfikia ikiwa na tundu la mraba mahali pa picha. Tangu hapo alikuwa ameona nakala nyingi za toleo hilo la kwanza la namba saba, na zote zilikuwa na dirisha lilelile. Aliwauliza waliobahatika kusoma kabla ya kukata. Kinyozi mmoja wa Ruiru aliapa kwamba mwizi alikuwa daktari. Shemeji wa kinyozi huyo akasema ni inspekta. Mwingine akamtaja mtu ambaye hakuwamo hata katika hadithi. Kwa hiyo mzee huyu, ambaye watu walimletea katuni za zamani awapimie thamani, alikuwa hajui mwisho wa hadithi aliyoipenda kuliko zote.

Alimkuta Zahra sebuleni, ushungi umefungwa vizuri, meza imepanguswa, na katuni imewekwa juu ya kitambaa cheupe kama mgeni wa heshima. Walijuana kwa miaka mingi, tangu Zahra alipokuwa akiuza vitabu vya mitumba sokoni.

"Mzee Mwau, nataka ukweli," alisema. "Muuza nyama wa hapo nje ameniomba magazeti yote ya baba afungie nyama. Nikaona hii nikakukumbuka. Kama ni takataka, niambie nimpe."

Mwau alishtuka moyoni kumsikia akitaja nyama, kwa sababu hivyo ndivyo katuni nyingi za nchi hii zilivyomalizika. Akanawa mikono, akaikausha vizuri, akaketi.

Alianza na jalada. Wekundu wa koti la Kapteni ulikuwa umepita kidogo nje ya mstari wa wino mweusi, na hiyo ilikuwa dalili njema, kwa kuwa ule mtambo haukuwahi kulenga sawasawa. Pini mbili za mgongoni zilikuwa na kutu, na kutu hiyo ilikuwa imetia madoa karatasi iliyoigusa, maana yake hakuna aliyezibadilisha. Akaigeuza aone nyuma. Tangazo la sabuni lilikuwa zima. Halina tundu.

Akasogeza kiti karibu na meza. Akafungua kutoka mwanzo, polepole, akafika ukurasa wa ishirini na tisa, ambapo mkono wa Kapteni unanyooka kuelekea ile barakoa. Akageuza karatasi. Akakutana tena na sabuni.

"Basi," alisema, na sauti yake ikashuka. "Hii ni toleo la pili."

Akamweleza kwamba mashindano yalipofungwa mchapishaji alichapa nakala nyingine, nyembamba, akaacha kurasa za kuponi kwa uvivu, hadithi ikabaki bila mkia. Toleo hilo limejaa tele. Bei yake haizidi pakiti ya unga.

Zahra hakuonekana kusikitika sana. Alikwenda jikoni kumletea chai. Lakini Mwau hakuiweka katuni chini. Kulikuwa na kitu kilichomkera. Aliifungua katikati, penye pini, akahesabu karatasi za upande wa kushoto, kisha za kulia. Akahesabu tena. Kushoto kulizidi kwa moja.

Hilo haliwezekani. Katuni hutengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa katikati, kila karatasi ya kushoto ni pacha wa moja ya kulia. Ukinyofoa pacha mmoja, mwenziwe hulegea na kuchomoka. Hapa zote zilikuwa imara. Akaishika ile ya mwisho kati ya kidole gumba na cha shahada. Ilikuwa nene. Akaipeleka dirishani, na pembeni akaona mahali palipoliwa na mende, ukingo mdogo uliomeguka, na ndani ya ukingo huo, karatasi mbili.

"Zahra," aliita. "Njoo. Uache chai."

Alipoonyeshwa, Zahra akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyemwona mzazi wake akiingia chumbani. Akasema huyo ni baba, Mzee Waleed mwenyewe. Baba aliwanunulia katuni kila mwezi ili wajue kusoma, lakini bahati nasibu kwake ilikuwa kamari, na kamari ilikuwa haramu hata zawadi ikiwa sindano. Bila shaka alipoona kuponi alichemsha unga wa ngano, akazibandika kurasa mbili zisikutane na macho ya watoto. Yeye na kaka yake Yahya waliambiwa hadithi imekwisha.

"Tuligombana, Mzee Mwau, wallahi," alisema. "Mimi nikisema mwizi ni daktari, Yahya anasema karani wa stesheni. Mpaka leo. Juzi tu kwenye Idi ametoa hayo maneno mbele ya wakwe zangu."

Mwau akairudisha katuni juu ya kitambaa. Alimwambia wazi hatari iliyopo. Kurasa zikifunguka salama, hii ni namba saba nzima, na yeye hajapata kuiona wala kusikia iliyouzwa. Zikichanika, itakuwa imeharibika na hakuna fundi wa kuitengeneza. Uamuzi ni wake, kwa sababu aliyeifunga ni baba yake.

Zahra aliitazama katuni. "Baba alifunga kamari," alisema. "Baiskeli ilishapata mwenyewe. Fungua."

Wakaweka birika jikoni. Mwau aliishika karatasi mbali na mdomo wa birika, mvuke uiguse tu na kupita, akisubiri, akijaribu kwa ncha ya kisu cha siagi, akiiacha ipumue. Zahra alimshauri aanzie pale mende walipoanzia. Ule unga wa zamani ulilainika, ukaachia kidogo, ukagoma, ukaachia tena. Kisha kurasa zikatengana kwa sauti ndogo kama ya mtu anayefumbua midomo, na kuponi ikawa mbele yao, nzima, na mstari wake wa nukta, na picha ndani yake.

Barakoa ilikuwa mkononi mwa Kapteni. Chini yake palikuwa na uso mwembamba, miwani, na kofia ya kazi ya stesheni.

Mwau alivuta kiti akakaa. Alisoma maneno yote yaliyokuwa pale, hata anwani ya posta, akarudia. Machozi yalikuwa karibu, lakini alikuwa akicheka.

Zahra aliinama, akatazama, akainuka. "Mzee Mwau," alisema kwa upole, "hiyo gundi haiwezi kurudi?"

"Haiwezi."

"Hata kidogo?"

Zahra akashusha pumzi, akampigia Yahya, ambaye ana nyumba za kupangisha kule Kamakis. Alimweleza yote, isipokuwa jibu. Mwau alisikia sauti ya simu ikipanda, ikiuliza ni nani, ni nani basi.

"Ni karani," alisema Zahra. "Haya, furahi."

Upande wa pili Yahya akacheka mpaka Zahra akaiweka simu mbali na sikio. Alipotulia aliuliza inauzwa shilingi ngapi. Zahra akamtazama Mwau.

Mwau angeweza kutaja bei anayoimudu yeye. Alisema ukweli: kwamba ya tundu hununua mbuzi, lakini kwa hii hana kipimo, na mtu atakayekuja na bei ya haraka afukuzwe, hata mtu huyo akiwa Mwau wa Kimbo.

"Umesikia?" Zahra alimuuliza kaka yake.

"Isiuzwe," Yahya alisema. "Isiguswe. Nakuja kumwona huyo karani kwa macho yangu."

Zahra akamimina chai. Mwau alikuwa amerudi ukurasa wa kwanza, miwani puani, akiisoma namba saba kama mtu anayejua kwamba safari hii itafika mwisho.