Korido ya Simu Tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi, kama kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na saba, mkuu wa shughuli wa idara ya serikali ya afya ya akili alifungua ofisi yake, akatundika mkoba nyuma ya mlango, akachana karatasi ya jana kwenye kalenda ya ukutani. Zilibaki siku tano astaafu. Wafanyakazi walimwita Mama Ratiba, naye hakuwahi kununa, maana hata likizo zake alizipangia ratiba na kuibandika kwenye friji. Kazi yake haikuwa kutibu. Madaktari na wauguzi ndio waliotibu. Yeye alihakikisha taa zinawaka, zamu hazigongani, dawa haziishi siku ya Ijumaa, na taarifa ya mwezi inafika makao makuu kabla ya tarehe tano.

Hajakaa vizuri, mlango ukagongwa. Alikuwa mfagizi, mtu mzima mwenye kofia ya sufu aliyejulikana jengo zima kama Mzee Dekio. Alikuja kuomba tairi la nyuma la baiskeli.

"Limekwisha kabisa, Mama. Jana nimekokota baiskeli kwa miguu kutoka kule penye rangi ya maziwa mpaka hapa."

"Si tulibadilisha mwaka juzi?"

"Mwaka juzi korido ilikuwa fupi."

Mama Ratiba akasaini. Baiskeli ilikuwa kwenye orodha ya vifaa vya usafi, kati ya ndoo na sabuni ya maji, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuuliza.

Mzee Dekio aliikunja karatasi yake mara nne, lakini hakuondoka. "Halafu, Mama, kabla hujastaafu, kuna kitu sijawahi kukuambia. Kule mwisho, dirishani, kuna mtu anatengeneza redio."

Mama Ratiba aliendelea kuandika tarehe. Aliiandika mara mbili, kisha akafuta moja.

Zamani, alipoajiriwa, korido ile ilikuwa na hatua kumi na nne. Ilianzia mapokezi, ikapita vyumba sita vya madaktari, ikaishia kwenye dirisha lililotazama kamba ya kuanikia mashuka. Rangi yake ilikuwa kijani hafifu. Kila mtu alimjua kila mtu, chai ilichemshiwa kwenye birika moja lililovunjika mfuniko, na kulikuwa na muuguzi mmoja mnene, mcheshi, aliyefanya kazi ambayo haikuandikwa popote. Mgonjwa asipokuja siku yake, muuguzi huyo alivaa viatu vya raba akaenda kumbishia hodi nyumbani. Akiambiwa mgonjwa kajifungia chumbani, alikaa nje ya mlango wa chumba akasimulia habari za mvua, bei ya sabuni, na mumewe anavyokoroma, mpaka mlango ukafunguka. Ilichukua nusu siku, wakati mwingine siku mbili. Wafanyakazi walimwita Hodi. Mama Ratiba alimpenda sana mama yule, na hata sasa akisikia viatu vya raba vikilia sakafuni hugeuka.

Lakini taarifa ya mwezi haikuwa na mahali pa kuandika hodi. Miaka kumi na moja iliyopita, Mama Ratiba alipopandishwa cheo, makao makuu walilalamika kwamba orodha ya wanaosubiri ni ndefu mno. Alikaa na rula na kalamu akachora fomu mpya kwa mkono wake, fomu safi, yenye safu mbili tu: Wanaosubiri na Waliohudumiwa. Akatunga na kanuni yake. Mgonjwa mpya zamu yake ikifika, atapigiwa simu. Asipopokea, atapigiwa kesho yake, na keshokutwa. Asipopokea mara tatu, jina lake litaondolewa kwenye safu ya kwanza. Na kwa kuwa safu zilikuwa mbili tu, liliwekwa kwenye ya pili. Orodha ilipungua kwa theluthi. Ilikuja barua ya pongezi, ikawekewa fremu. Hodi alistaafu mwaka huohuo akaacha viatu vyake vya raba chini ya sinki.

Mwezi uliofuata korido ilirefuka kwa hatua ishirini na tatu. Mzee Dekio ndiye aliyegundua, kwa sababu maji ya ndoo moja hayakutosha. Kwa kila jina lililohamishwa kwa simu tatu, hatua moja ilichomoza baada ya chumba namba sita, ikiwa na rangi ya mwaka huo na kiti kimoja cha plastiki, na juu ya kiti mwenye jina lake ameketi, ameshika kinamba cha karatasi. Dirisha likasogea mbali kidogo. Fundi ujenzi wa serikali alikuja, akapima kwa futi kamba, akaandika kwamba jengo kwa nje halijabadilika na kwa hiyo halihitaji kibali. Mama Ratiba aliagiza ndoo ya pili, kisha baiskeli. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka chumba namba sita. Alijiambia ana kazi nyingi. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Aliogopa kwa ajili ya mdogo wake. Walizaliwa wawili tu, yeye na yule fundi redio. Utotoni asubuhi zao zilianza na bisibisi: mdogo wake amejikunja sakafuni, redio imefumuliwa kama samaki, mama yao anapiga kelele kwamba anataka kusikiliza habari, na ghafla muziki unalipuka, wote watatu wanacheza na nguo za kulalia. Hakuna siku nyumba ile ilikuwa na furaha kuliko dakika redio ilipopona. Kisha, alipofika umri wa miaka thelathini, fundi akaanza kusikia mambo kwenye vyombo vilivyozimwa. Simu ndiyo iliyomtesa zaidi. Ilipoita, aliifunika kwa mto akatoka nje. Ukimtaka, ulibisha hodi taratibu ukangoja.

Mama Ratiba aliyajua yote hayo. Mwaka ule wa fomu mpya alimwandikisha kwenye orodha kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu hakutaka isemwe kwamba dada anapenyeza ndugu yake. Kwenye nafasi ya namba ya simu akaandika namba ya nyumbani, maana fomu haikukubali nafasi tupu. Miezi minne baadaye karani alipiga mara tatu. Mama Ratiba alisaini taarifa ya mwezi bila kusoma majina. Waliohudumiwa walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Wiki hiyo mdogo wake alichukua redio ya mama yao, akaiweka kwapani, akasema anaenda kungojea zamu yake na ataitengeneza hukohuko. Hakurudi. Mlinzi wa getini hakumwona akiingia. Walimtafuta hospitali zote, vituo vyote, mpaka soli zikaisha.

Mama yao bado yupo, anaona kwa jicho moja. Kila Jumapili humuuliza bintiye, "Huko kazini kwako hamjamwita tu?"

"Bado, mama."

"Mwambie redio si kitu. Aje mwenyewe."

Basi Ijumaa, siku yake ya mwisho, kabla ya keki ya kumuaga, Mama Ratiba alipiga moyo konde akavuka chumba namba sita. Alitembea. Ukuta ulikuwa mweupe mwanzoni, rangi ya mwaka huu, kisha ukawa wa maziwa, kisha wa kijivu, rangi ambayo yeye mwenyewe aliichagua kwenye kitabu cha sampuli. Watu walikuwa wamekaa upande wa kushoto, wapole, magoti pamoja. Mwalimu mmoja alimsalimia. Mama mmoja alimuuliza kama wamefika namba ngapi. Alisema ataangalia. Viungo vya miguu vilianza kumuuma, akavua viatu akavishika mkononi. Baada ya hatua elfu tatu na ushee kijani hafifu kikarudi, kile cha zamani, na harufu ya birika la chai, akalia bila kusimama.

Mdogo wake alikuwa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha. Mvi zilikuwa zimemwingia. Redio ilikuwa mapajani, imefumuliwa. Mama Ratiba alibisha ukutani kwa kidole, taratibu, akangoja.

"Karibu," akasema bila kuinua kichwa. Kisha akainua. "Dada. Umenenepa."

"Na wewe umezeeka."

"Mlisema mtaniita."

"Tulikupigia mara tatu."

"Simu?" Akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake na ndugu wa tumbo moja. "Nilikuwa namngojea yule mama wa raba uliyekuwa ukinisimulia. Mimi nilijua atakuja."

Mama Ratiba alihamishia viatu vyake mkono wa kushoto. Alimshika mkono, wakarudi pamoja, kijani, kijivu, maziwa, nyeupe, mpaka mapokezi. Karani wa zamu aliandika namba ya kile kinamba kwenye kompyuta.

"Huyu ameshahudumiwa, Mama."

"Hajahudumiwa."

"Naona kabisa hajahudumiwa, Mama. Lakini hapa ameshahudumiwa. Aliyehudumiwa hatumfungulii faili la mara ya kwanza."

"Basi lifute."

"Inahitaji barua ya mkuu wa shughuli."

"Si ndiyo mimi?"

"Na idhini ya makao makuu."

Aliandika barua hapohapo, kwa mkono, akakiri kanuni ni yake, fomu ni yake, kosa ni lake, na kwamba kule nyuma kuna watu elfu tatu waliokaa kwa adabu wakingoja hodi. Akaomba safu ya tatu. Karani akaipiga picha akaituma. Jibu lilifika saa tisa alasiri, keki ikiwa imeshakatwa. Makao makuu walishukuru kwa uaminifu wake, wakaeleza kwamba takwimu za miaka iliyofungwa hazibadilishwi, kwamba safu ya tatu ingeharibu ulinganisho, na wakamtakia mapumziko mema.

Mdogo wake alikuwa amemaliza kipande chake cha keki. "Basi ngoja nirudi, dada," akasema. "Nimeacha spika wazi, itaingia vumbi."

Jumapili mama yao aliuliza swali lake. "Nimemwona, mama," akajibu Mama Ratiba. "Yuko karibu kumaliza." Bibi kizee aliomba maji.

Jumatatu saa mbili kasorobo Mama Ratiba alikuwa mlangoni. Mlinzi aliona aibu. "Shikamoo, Mama. Wanasema sasa ukiwa si mfanyakazi, huwezi kupita bila namba."

"Marahaba. Ndivyo nilivyoandika mwenyewe. Nipe namba."

Akajaza fomu, na kwenye nafasi ya simu akaandika yake. Kisha akaenda jikoni, akapiga magoti chini ya sinki. Viatu vya raba vilikuwepo bado. Vilimpwaya kidogo.

Tangu siku hiyo alibisha hodi kila kiti. Alianza na nyeupe, akakaa na kila mmoja, akazungumza mvua na bei ya sabuni, na kwa kuwa hakuwa na mume wa kukoroma alisimulia friji yake inavyonguruma. Hakuna daktari aliyefika kule. Madaktari walikuwa na orodha yao. Kwa siku alimaliza watu thelathini, akidandia baiskeli ya Mzee Dekio mpaka dirishani jioni kumsalimia mdogo wake, kisha akarudi nyumbani kwa mama yao.

Wiki ya tatu mdogo wake alimwambia imebaki waya mmoja tu, mwembamba, na duka la vipuri haliko huku. Mama Ratiba alitoa simu yake mkobani akampa. Aliipokea kwa ncha za vidole, akaifungua haraka kabla haijaita, akachomoa alichokihitaji, na kipande kimoja kimoja akakipanga dirishani.

Jumanne mapokezi walimpigia Mama Ratiba, zamu yake ilikuwa imefika. Hawakumpata. Walipiga Jumatano, wakapiga Alhamisi. Mkuu mpya wa shughuli, mtu nadhifu aliyependa fomu ile kwa sababu ilikuwa fupi, alisaini taarifa ya mwezi kabla ya tarehe tano. Waliohudumiwa walikuwa mia mbili na arobaini, idadi ambayo haijawahi kufikiwa, na makao makuu wakaleta barua ya pongezi. Iliwekewa fremu pembeni ya ile ya kwanza.

Hatua moja ikachomoza baada ya chumba namba sita, nyeupe, na kiti juu yake. Mwenye kiti hakuwepo, alikuwa dirishani, kwa hiyo Mzee Dekio alikifunga kwenye kariya ya baiskeli akampelekea. Jumapili ile Mama Ratiba hakuonekana nyumbani. Mama yao aliuliza swali lake kwa jirani, na jirani akasema atapiga simu kazini.

Redio ilipona siku ya pili yake, asubuhi. Muziki ulitoka dirishani ukapita kijani, ukapita kijivu na maziwa, watu wakatikisa mabega wakiwa wamekaa, na pale mapokezi karani akainuka akafunga mlango wa korido ili asikie vizuri simu aliyokuwa anapiga.