Bega la Mtihani

Nina mtumishi wangu. Ananilisha, ananikuna mgongo, ananifungia vifungo, na siku akigoma, hata shati nalivaa kwa kusaidiwa. Ni nani huyo? Wala usijisumbue kunipa mji, hiki ni kitendawili cha watoto wadogo. Ni mkono. Sasa tega sikio nikusimulie mtumishi wa mtu aliyehamia kwa mtu mwingine, na jinsi waliomwona huko alikohamia walivyomtuma kazi.

Ilikuwa asubuhi, jikoni. Binti mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili ya fiziotherapia alikuwa anamimina chai kabla ya kwenda chuoni. Mkono wake wa kulia ukaliweka birika mezani, ukaanza kuinuka. Uliinuka polepole, kiwiko kimenyooka, kidole gumba kikitangulia, kama vitabu vinavyoagiza. Ukapita kifua, ukapita uso, ukafika ukagusa sikio. Ukatulia kidogo, ukashuka. Kisha ukaanza upya.

Mama yake alikuwa amekaa akimenya viazi. Akamtazama.

"Kwa kuwa umeshafika huko juu," akasema, "nishushie na ile sufuria kubwa."

Binti akaishusha sufuria. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Alilijua zoezi lile, na alimjua mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa fundi wa kupaka rangi, mtu wa makamo, mcheshi, ambaye mji mzima ulimwita Dari. Kuta hupakwa na kila mtu. Dari ni kazi ya wachache. Yeye alipaka dari akiangalia juu kutwa nzima, na sakafuni usione tone. Siku moja ngazi ikateleza, akaanguka akavunjika bega. Mfupa ukaunga vizuri, lakini bega likawa gumu kama bawaba yenye kutu. Wakamleta kliniki ya mazoezi, akaangukia mikononi mwa yule binti.

Bega la namna ile linataka kuamshwa mapema. Ukilichelewesha, linajishonea lenyewe kwa ndani, na mshono huo haufumuki. Binti alilijua hilo, akalianza kwa bidii. Alifunga kamba kwenye roda, kigurudumu cha kupitishia kamba, juu ya mlango, Dari akawa anavuta kwa mkono mzima ili ule mgonjwa upande. Kisha akavipandisha vidole vya mkono ule ukutani, kidogo kidogo.

"Nimepanda ngazi maisha yangu yote," Dari alikuwa akisema, jasho likimtoka, "leo nabebwa na vidole. Dunia haina adabu."

Mkono ukaanza kupanda kweli. Ukafika kifuani, ukakaribia kidevu. Na hapo ndipo shida ya binti ilipoanza.

Chuoni kwao, kila mwanafunzi wa uzamili alishika mgonjwa mmoja, akamtibu, na siku ya mtihani akampeleka mbele ya watahini aonyeshe ubovu uko wapi na anautibuje. Kulikuwa na jambo ambalo halikuandikwa popote, lakini lilijulikana kama njia ya msalani: mgonjwa asipone kabla ya mtihani. Mgonjwa aliyepona ana nini cha kuonyesha? Wanafunzi waliwatunza wagonjwa wao kama mtu anavyotunza embe lisiive kabla mgeni hajafika. Kiungo kibovu hasa walikiita kizuri. "Wewe una goti zuri," walisema, "mimi mgongo wangu mzuri unaniponyoka."

"Bega lako litapona, shauri yako," mwenzake mmoja alimwambia. "Utawapelekea watahini mzee mzima wacheze naye bao?"

Binti akamwendea msimamizi wake. Msimamizi hakumwambia fanya wala usifanye. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Watahini wanapenda kuona kitu."

Basi binti akaifungua ile kamba mlangoni, akaiweka kabatini. Tangu siku hiyo akawa anamlaza Dari kitandani, anamwekea taulo la moto begani, anamkanda taratibu. Raha tupu. Dari alikuwa anasinzia mpaka anakoroma, akiamka anamshukuru.

"Una mkono wa heri, binti yangu. Nyumbani nawaambia, yule mtoto ana mkono wa heri. Ila nikuulize. Ile kamba tumeiacha kwa nini?"

Binti akalikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Geukia ukutani, mzee wangu," akasema.

Dari akageukia ukutani. Kesho yake asubuhi ndipo mkono wa binti ulipoinuka juu ya birika la chai.

Tangu hapo uliinuka kila siku. Darasani ukiinuka, mhadhiri alisimama. "Ndiyo, unasema?"

"Sisemi kitu, mwalimu."

"Basi shusha mkono."

Haukushuka mpaka umalize zamu yake. Mhadhiri akauzoea, akawa anautundikia koti lake. Mtu alipouliza nani atabaki kupanga viti, ulikuwa juu, akabaki yeye. Barabarani magari yalimsimamia. "Dada, unapanda au unatupungia?" madereva waliuliza, naye akapanda, akafika asikokwenda, akarudi kwa miguu. Akajaribu kuufunga kiunoni kwa mtandio. Mtandio ukapanda nao. Akabeba mkoba mzito upande ule. Mkoba ukapanda nao, na vitabu vikamwagika njiani mbele ya watu.

Hakuna aliyemcheka. Laiti wangemcheka. Watu walimwonyesha vitu vya kuteremsha kwenye rafu za juu, wakamwambia ahsante.

Siku zenye kliniki ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Mkono wa Dari ulikuwa umelala chini ya taulo la moto, wa kwake unapanda na kushuka juu yao wote wawili, laini, bila maumivu, bila kamba. Dari alikuwa ameelekea ukutani, hauoni. Binti aliuona. Neno moja tu la kweli lingetosha kuirudisha ile kamba mlangoni, na kila alfajiri alijiambia leo. Akifika kliniki, anachemsha taulo.

Siku ya mtihani Dari alikuja amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe ambalo mkewe alimvika. Watahini wakamwambia ainue mkono. Akajikaza, jino juu ya jino, kwa sababu hakutaka kumwangusha binti. Mkono ukaishia kifuani. Wakamwambia ajaribu tena. Ukaishia palepale. Upande wa pili wa kitanda mkono wa binti ukapanda mpaka sikioni, na mtahini mmoja akaitikia kwa kichwa, ameridhika: mwanafunzi anajua kuonyesha mkono mzima unavyopaswa kwenda.

"Bega zuri sana hili," akasema mwenzake.

Dari akageuka, uso umemkunjuka. "Umesikia, binti yangu?" akanong'ona. "Wanasema ni zuri!"

Binti alifaulu, tena kwa sifa. Mama yake akamwambia majirani. Yeye alifungua kabati siku hiyohiyo, akaitoa kamba, akaifunga kwenye roda. Akamvutisha Dari mpaka wote wawili wakalowa jasho. Lakini bega lilikuwa limekwisha kujishonea. Lilikuwa kama rangi iliyosahauliwa ndani ya kopo: ukilitikisa halichezi.

"Si neno," alisema Dari. "Kuna milango ya kupaka. Kuna mageti."

Akaacha kuja.

Mwaka uliofuata mwanafunzi mpya akamfuata binti ofisini, kwani sasa alikuwa ameajiriwa palepale kliniki. "Dada, huna bega zuri la kuniachia?" Binti alifungua kinywa amkaripie, akajiuliza kwa ulimi gani. "Sina," akasema. Mwanafunzi akaenda wodi ya pili, akapata goti. Lilikuwa limeanza kupona, lakini akaambiwa litazuilika mpaka mtihani.

Ndipo binti akaenda kumtafuta Dari. Akamkuta kwenye nyumba mpya, chumba kitupu chenye mwangwi. Kuta alikuwa amezimaliza kwa mkono wa kushoto, na mawimbi yalionekana. Dari yenyewe ilikuwa bado saruji. Alikuwa ameahidi chumba kizima, kwa sababu fundi anayesema dari hapaki, haitwi tena. Sasa alikuwa amekaa juu ya kopo, anaiangalia.

"Karibu, daktari wangu. Hakuna kiti, egemea ukuta, ila haujakauka."

Binti hajamwamkia, mkono ulikuwa umeshaanza kupanda. Dari akautazama ukienda, ukapita kifua, ukapita uso, ukafika. Akainuka kwenye kopo, akachovya brashi, akakung'uta, akampa. Akamshikia ngazi kwa mkono wa kushoto, binti akapanda.

Mkono ukapaka. Ulikwenda mfupi mfupi, na mwisho wa kila mpako kifundo kikapinduka kidogo, tone lisipate pa kuangukia. Binti hakuwahi kushika brashi maishani.

"Ndivyo ninavyomalizia," akasema Dari. "Huo ni wangu."

"Ni wako, mzee."

"Unakusumbua?"

"Hapana. Haunisumbui."

"Haukuwa na tabia mbaya." Akaonyesha pembeni kwa kidevu. "Pale umeruka, rudia. Haya. Sasa binti yangu, nilikuuliza kitu siku ile ukaniambia nigeukie ukutani. Ile kamba, tuliiacha kwa nini?"

Mkono uliendelea kupaka. Kuteremka ngazi asingeweza, na kujifunika uso alibakiwa na mkono mmoja tu, nao ulikuwa umeshika kidato cha ngazi.

"Nilitaka uwe bado mgonjwa," akasema, "siku ya mtihani wangu."