Kabla ya Udi

Kazi yangu ilikuwa kuandika sifuri. Wako wanaolipwa kwa kushona, wako wanaolipwa kwa kusomesha, mimi nikilipwa kwa kukaa juu ya jabali nje ya mji wa Sur, kwenye njia ya kwendea Ras al Hadd. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita mchana niliitazama bahari kwa darubini, na kila dakika kumi nikaandika kwenye fomu nimeona nini. Visanduku thelathini na sita kwa siku. Siku ya bahati, kimoja kilikuwa na pomboo. Vilivyobaki vyote sifuri.

Kazi ile inataka mtu aliyetulia, na mimi sijatulia tangu kuzaliwa. Bibi yangu, Bi Mwanaheri, aliyelelewa Unguja na sasa yuko Ibra, husema mimi nimekalia upupu. Nilipomwambia nimepata kazi ya kukaa kitako saa sita alicheka mpaka akapaliwa. "Nahla," akasema, "waambie wakufunge kamba."

Mkuu wetu, Abdullatif, alinieleza mapema kabisa kwamba sifuri ndiyo kazi yenyewe. Kuandika umemwona nyangumi kila mtu anaweza. Sifuri ndiyo inayosema kwamba jicho lilikuwepo, likatazama, lisione. Bila ya sifuri za kweli, hata nyangumi tunaowaona hawatwambii kitu. Nikamwitikia kwa adabu zote. Wiki ya tatu nikaanza mchezo. Nikibanwa na haja, au bibi akinipigia simu, nilikuwa najaza kisanduku kabla ya dakika zake kufika. Bahari tupu ni bahari tupu, nikijiambia, nani atadhurika.

Kilichonichoma zaidi ni wenzetu wa visiwa vya Daymaniyat, huko kaskazini. Wao walikuwa na boti, na kila siku Hajar, mwenzangu wa chuoni, alituma picha kwenye kundi letu la simu: pomboo mia, pomboo mia mbili, wengine wakiruka na kuzunguka hewani kama wamelipwa. Mimi huku nahesabu mifuko ya plastiki. Sitaficha, nilikuwa na kijicho.

Halafu Jumapili moja ya mwezi wa Januari Hajar akatuma picha ya namna nyingine. Nyangumi jike mwenye nundu, amezongwa na wavu wa nailoni, kamba imemkaza mkia mpaka nyama nyeupe inaonekana. Nyangumi hawa wa bahari yetu hawasafiri kwenda kwengine kama ndugu zao; wamekaa hapa miaka na miaka, na wenyewe hawafiki mia. Kila mmoja anajulikana kwa mabaka ya mkia wake. Wenzetu wa visiwani walimfuata mpaka upepo ukawarudisha. Jumanne akaonekana karibu na Quriyat, bado anauvuta wavu, anashuka na pwani kuja upande wetu.

Abdullatif akaweka boti Sur, na nahodha wake Hood, na watu wawili wenye visu vya mipini mirefu vya kukatia kamba. Mpango ulikuwa mwepesi. Nyangumi akipita mbele ya jabali langu, mimi niseme papo hapo, boti imkimbilie kabla hajazunguka Ras al Hadd. Akishazunguka pale anaingia bahari kuu, na mchana upepo wake si wa kuchezea. Siku hizo sikuambiwa nijaze fomu tu, niliambiwa nitume kila kisanduku kwa simu dakika yake ikifika. Jicho lilikuwa moja, na lilikuwa langu.

Sasa nimtaje Khala Shaikha, khala kwa heshima tu, kama kusema mama mdogo. Jabali lile liko nyuma ya nyumba yake. Yeye ndiye aliyenipa kivuli, maji na ufunguo wa choo cha nje, hanijui baba wala mama. Kila asubuhi aliniita kahawa, na kila asubuhi nilitoa udhuru. Alhamisi ile ilikuwa siku ya nne ya mjukuu wake mpya, bintiye amejifungua, na Khala Shaikha akatoka mwenyewe mpaka jabalini, na ushungi wake, akasema leo sitaki udhuru. Ningesema nini? Mtu kakupa choo chake miezi miwili, unakataa kumwona mtoto wake?

Nikatazama bahari. Tupu, shwari, hata ndege hakuna. Dakika kumi, nikajiambia. Saa tatu na dakika tano nilikuwa nimeshavua viatu mlangoni.

Kwa wasioijua kahawa ya kwetu: kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo shughuli. Unakula tende, unakula halua, unakunywa kikombe, cha pili, cha tatu, unakitikisa kikombe kusema basi. Bado hujaruhusiwa. Yanakuja matunda. Halafu mwenyeji analeta chetezo, unafukizwa udi, na hapo ndipo unaaga. Baada ya udi hakuna kukaa, na kabla ya udi hakuna kuondoka. Bibi yangu alinifunza hivyo kwa kofi, nina miaka sita, niliponyanyuka kwa watu kabla ya wakati. Kumkimbia mwenyeji kabla ya udi ni kumwambia nyumba yako inanuka.

Nikakaa. Nikambeba mtoto, nikamsifu kwa mashallah nyingi. Simu nilikuwa nayo mapajani, chini ya abaya. Ilipofika saa tatu na dakika kumi, kidole changu kikatuma sifuri. Ya pili, saa tatu na dakika ishirini, nikaituma huku namjibu Khala Shaikha bibi yangu hajambo. Ilikuwa rahisi kuliko kunywa kahawa.

Saa tatu na nusu kasoro kidogo aliingia Kidawa na sinia la matunda. Kidawa ni mtu wa Tanga, umri wake kama dada yangu mkubwa, anafanya kazi kwa Khala Shaikha mwaka wa pili. Mara nyingine tulizungumza Kiswahili ukutani, yeye akinicheka namna ninavyokivunja, na habari ya nyangumi mwenye wavu aliipata kwangu. Alipoinama kuniwekea sahani, alisema taratibu, bila ya kunitazama:

"Dada Nahla, nyangumi wako kapita. Nilikuwa darini naanika. Ana wavu."

Khala Shaikha, ambaye Kiswahili hakijui, akauliza kwa Kiarabu amesema nini. Nikamjibu: ananiuliza kama nataka maji.

Mpaka leo najiuliza kwa nini nilisema vile. Uso wangu ulishatangulia kutabasamu, na uongo mdogo ukafuata kwa sababu ulikuwa karibu. Ningeweza kuandika neno moja kwenye simu: kapita. Lakini neno hilo lingeziumbua sifuri mbili nilizokwisha kutuma. Nikapiga hesabu ya mjinga. Nitatoka sasa hivi, nitamwona mwenyewe kwa darubini, nitatangaza kama mtu aliyekuwa kazini, na hakuna atakayejua. Kilichobaki ni udi tu.

Udi haukuja. Khala Shaikha alikuwa akimngoja wifi yake, Basma, anayetoka mjini na gari, ili tufukizwe pamoja. Nilikula chungwa. Nikala jingine. Nilitikisa kikombe kisicho na kitu. Mguu wangu ulicheza chini ya abaya mpaka mtoto akaamka. Niliuliza kama Bibi Basma yuko mbali, nikaambiwa yuko njiani, na kila mtu Oman yuko njiani. Saa tatu na nusu simu ilinitaka, na mimi, Mungu anisamehe, nikatuma sifuri ya tatu. Nilijua nyangumi yuko pale nje, najua ana kamba mkiani, na mkono wangu ukaandika hakuna kitu.

Basma alifika, akasalimiwa, akambeba mtoto, akanywa, na mimi nikatuma sifuri mbili nyingine. Udi uliletwa saa nne kasoro dakika tano. Nilijifukiza haraka mpaka nikaunguza ncha ya ushungi, nikaaga, nikatoka. Mlangoni nilitembea. Nyuma ya ukuta nilikimbia.

Bahari ilikuwa tupu. Nilitazama kulia mpaka macho yakatoa machozi. Kulikuwa na mawimbi meupe madogo, upepo ushaanza, na maboya ya mitego ya kamba-koche yakiinuka na kushuka. Ndipo simu ikalia.

Abdullatif mama yake kazaliwa Pemba, kwa hivyo akiwa na wasiwasi huacha Kiarabu akanisemesha Kiswahili. Aliniambia nisibanduke. Kwa kuwa kwangu hajafika, bila shaka nyangumi bado yuko nyuma, upande wa Qalhat, na Hood kashaondoka na boti tangu saa tatu na nusu kumfuata huko.

Boti ilikuwa inakwenda kaskazini na nyangumi alikuwa anakwenda mashariki, na aliyewatenganisha ni mimi. Nilikaa chini juu ya jabali. Nilikuwa bado nanuka udi.

"Amepita," nikasema.

"Umemwona?"

"Sijamwona. Sikuwepo. Nilikuwa ndani nakunywa kahawa. Sifuri zote tangu saa tatu ni za uongo."

Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu. Akauliza nani kamwona, saa ngapi, mbali kiasi gani na pwani. "Nenda kaulize," akasema. "Hayo mengine baadaye."

Kwa hivyo nikafanya jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelelewa kwetu anayelifanya. Nilirudi ndani ya nyumba niliyokwisha kufukizwa na kuaga. Nilisimama katikati ya chumba, ushungi umeungua, na wanawake wawili wananitazama, nikamwambia Khala Shaikha kwa Kiarabu kwamba nilimdanganya, kwamba Kidawa hakuniuliza maji, alinipa habari ya nyangumi tunayemtafuta siku tano, na mimi nilikaa kimya kwa kuona haya kuondoka kabla ya udi.

Khala Shaikha alimpa Basma mtoto. Hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu aliyedhulumiwa kitu chake.

"Mwanangu," akasema, "udi ulikuwa jikoni, makaa tayari. Ungenambia, ningekufukiza huku unakimbia."

Halafu akamwita Kidawa kwa sauti.

Kidawa alikuja anapangusa mikono. Kwao Kigombe baba yake na kaka zake ni wavuvi, na alijibu kila swali kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Mashine ya kufulia aliiwasha saa mbili na dakika kumi, nayo hulia baada ya saa nzima. Akapanda darini na beseni, na alikuwa anatundika shuka ya nne alipomwona. Tia saa tatu na robo. Nyangumi alipita nje ya maboya, umbali kama maboya na pwani mara mbili, anakwenda upande linakotoka jua. Anapumua mara tatu, anakaa juu ya maji muda mrefu, ndipo anazama.

"Mtu aliyechoka," akasema. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nilikwambia, dada. Nikajua umeshawaambia."

Nilimsomea Abdullatif maneno yake yote, na Hood akageuza boti.

Walimkuta saa nane kasoro robo, ng'ambo ya Ras al Hadd, wimbi limeshakuwa kubwa. Nilisikia kila kitu kwa simu, kwa vipande vipande. Walimkaribia mara nne. Mara ya nne kisu kilikata kamba moja iliyokuwa imekaza mkia, na sehemu ya wavu ikaachia. Kamba ya pili hawakuiwahi. Bahari ilikuwa inaingia ndani ya boti, na Hood akasema wametoka watu watatu na anataka warudi watatu. Nyangumi akazama na wavu uliobaki. Hakuonekana tena siku ile, wala ya pili yake, wala mpaka ninapoandika haya.

Usiku Abdullatif alinipigia. Hakupandisha sauti. Alisema upepo uliwashinda kwa kama dakika arubaini hivi. Sikuhitaji kufanya hesabu ya dakika hizo zilikuwa wapi, nilizila na machungwa. Kisha akaniuliza fomu zangu za siku zilizopita, hizo sifuri elfu na zaidi, ngapi ni za kweli. Nikamwambia nyingi. Akauliza zipi. Hapo nikakwama, kwa sababu sifuri ya uongo na ya kweli zimeandikwa kwa kalamu moja na zinafanana. Akasema basi atazifuta zote, miezi miwili yote, na kama nataka nianze upya Jumamosi, jicho bado linahitajika. Nililia baada ya kukata simu. Sikulia kwa ajili ya nyangumi peke yake, nisiseme uongo mwingine.

Jumamosi saa kumi na mbili nilikuwa jabalini. Nilikuwa nimeamua kutomtazama mtu. Saa tatu nikasikia viatu kwenye changarawe, na alikuwa Khala Shaikha na mkeka, na Kidawa nyuma yake kabeba birika kwa mkono mmoja na chetezo kwa mwingine. Sikuutoa uso wangu baharini. Nilijua wamekuja kunisamehe na sikuwa tayari.

Khala Shaikha hakunipa kahawa. Alichukua chetezo kwanza, akakipitisha chini ya ushungi wangu, kulia na kushoto, kama anavyofukizwa mgeni anayeondoka. Akakiweka juu ya jiwe. Ndipo akamimina kikombe cha kwanza.

"Umeshaagwa," akasema. "Sasa kunywa, na uondoke wakati wowote unaotaka."

Kidawa akakaa pembeni, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua, na akatazama upande ule ule niliokuwa natazama mimi. Mguu wangu ulikuwa unacheza kama kawaida yake. Nikauacha ucheze. Dakika kumi nzima sikuondoa darubini, kahawa ikapoa, na zilipokwisha nikaandika sifuri. Ilikuwa ya kweli, na nilitamani isiwe.