Mawaridi kwenye Santuri

Tangu walipotoka Mchafukoge, Scholastika alikuwa amembeba Natvarlal kifuani. Si mwenyewe, mwenyewe alishafariki, mwaka wa tano huo. Iliyobebwa ni sauti yake, ndani ya santuri moja aliyoirekodi na wenzake wa kinanda, ikafungwa kwenye kanga isipigwe na jua. Pembeni alitembea mjane wake, Jasvanti, akiilalamikia sindano ya gramafoni. Sindano imekwisha, alisema, ndiyo maana mzee anakoroma badala ya kuimba. Wamwone fundi Leodegar wa Kariakoo, huenda ana moja kaificha.

Scholastika aliitikia. Alijua sindano haina kosa.

Wawili hawa walikaa ghorofa moja, mlango kwa mlango, miaka kumi na moja. Mmoja katoka Songea, mwingine kazaliwa hapo hapo mjini, na kilichowaunganisha ni vitendawili. Jioni wakichagua mchele ngazini, huyu anatega, yule anategua, na aliyeshindwa anatoa mji. Jasvanti alishampa mwenzake Lindi, Bagamoyo, na Mwanza nzima na samaki wake.

Binti yake Nayna alipokaribia kujifungua huko Tanga, Jasvanti alimfuata, akaacha ufunguo na ombi moja: kila Jumamosi Scholastika aipige ile santuri, nyumba isimsahau mzee.

Scholastika alipofungua gramafoni aliona aibu kwa niaba ya mwenzake. Ile sahani inayozungusha santuri ilikuwa imetandikwa kiraka cha sufu nyeusi, kimekatwa kwa mkono, kimeliwa na nondo. Naye ndani kwake alikuwa na plastiki ya meza, mpya, ya mawaridi, aliyoipangia foleni asubuhi nzima kwenye duka la ushirika na kuitunza ingoje Krismasi. Akaipima kwa sinia, akakata duara, akatandika. Pakapendeza. Alijiona kamnunulia mzee shati.

Jumamosi ya tatu, wimbo haujaisha, mtu akapita ngazini akisema sukari imeingia. Scholastika akazima, akanyakua kikapu, mbio. Santuri ikabaki pale dirishani, jua la Februari likiipiga, mpaka Jumatano. Alipoinyanyua ilikuwa imeng'ang'ania plastiki, ikabanduka kama plasta kwenye kidonda. Upande wa chini, wenye wimbo ambao Natvarlal alimtungia mkewe, ulikuwa umeota mawaridi.

Aliusugua kwa maji ya sabuni, kwa pamba, kwa sala. Wapi. Akairudisha sufu mahali pake, plastiki akaisukumia chini ya godoro, na Jasvanti aliporudi akaambiwa kila kitu salama.

Huko Kariakoo, fundi Leodegar aliwapa shikamoo zao, akapokea santuri. Ya sindano hakuuliza. Aliiinamisha kwenye mwanga, akaigeuza, akaiinamisha tena.

"Sindano ingechimba mistari, mama zangu. Hii imelala juu ya plastiki ya meza. Kwenye joto plastiki inatoka jasho, na santuri inalinywa."

Akawatandazia vitandiko alivyokuwa navyo: cha mpira, cha kizibo kilichokatwa chembamba kama chapati, na cha sufu. Kwa joto la Dar, alisema, yeye angechagua sufu, mradi ipigwe brashi vumbi litoke.

Jasvanti akacheka. Sufu ndiyo hiyo hiyo aliyo nayo, tena mzee aliikata mwenyewe kutoka kwenye koti lake la harusi. Plastiki itoke wapi? Akamgeukia mwenzake wamcheke fundi pamoja.

"Mwambie, Mama Klara. Wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo."

Koti la harusi. Na yeye aliliita kiraka.

Kunyamaza kungetosha. Fundi angeonekana hajui kazi, wangehamia kwa mwingine, na sindano ingeendelea kusingiziwa. Scholastika alifungua mdomo, yakaja maneno aliyoyazoea.

"Kitendawili."

Jasvanti alishangaa, lakini alijibu. "Tega."

"Nimemvika mzee wa watu shati la maua, akapotewa na sauti."

Jasvanti alimtazama usoni, kisha akaitazama santuri kwenye mikono ya fundi. Siku ile ya foleni yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya Scholastika. Mtaa mzima ulipata mawaridi yale yale.

"Nimeshindwa," alisema polepole. "Chukua Upanga."

"Siutaki mji, Mama Nayna. Jibu ni mimi. Plastiki iko chini ya godoro langu."

Jasvanti aliifunga santuri kwenye kanga, akaibeba mwenyewe, akatangulia. Scholastika alimfuata hatua tatu nyuma mpaka ngazini, na pale, bila kuombwa, akaingia kwake kuutoa msumarini ule ufunguo uliobaki naye hata baada ya safari ya Tanga, akamnyooshea. Jasvanti aliupokea.

Alipokuwa anafungua mlango, mgongo ukiwa bado umemwelekea, alisema upande wa kwanza bado unaimba.

"Jumamosi uje," alisema. "Na brashi uje nayo."