Wote Tulizaliwa Bonane

Mume wangu Étienne ni kinyozi, lakini ukimuuliza atakuambia ni mwanahistoria. Kila asubuhi, kabla hajagusa mashine, huandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni mambo makubwa yaliyotokea tarehe kama hiyo. Mosi Januari ubao huwa haumtoshi: Haiti ilipata uhuru 1804, Sudan 1956, Kameruni 1960. Chini kabisa hujiandika yeye na mama yake, Mama Orpa, kwamba nao walizaliwa siku hiyo.

Uongo mtupu. Mama Orpa alizaliwa Fizi, kule Kongo, wakati wa kuvuna karanga, basi. Walipoandikishwa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, waliulizwa tarehe, hawakuijua, wakapewa mosi Januari. Hata mimi nilipewa hiyohiyo. Nusu ya Dzaleka tuna sherehe siku moja, na keki hatuioni.

Nilipopata mimba niliapa mtoto wangu atakuwa na siku yake ya kweli. Hospitali walisema katikati ya Desemba. Krismasi ikapita, tumbo lipo palepale.

"We ngojea, Shukrani," Étienne alichekelea. "Huyu anajua historia."

"Nyamaza, ama ule ubao nitaufanya kuni!"

Bonane, siku yenyewe ya mwaka mpya, tulikuwa kwa dada yangu, mtaa wa Area 36, Lilongwe. Uchungu ulinishika asubuhi, na kabla ya adhuhuri Gabriella alikuwa kifuani kwangu, hospitalini. Nililia. Étienne alidhani ni furaha tupu.

Tuliporudi Dzaleka, jirani yetu Benedicte alisoma karatasi ya hospitali akaangua kicheko. "Hata huyu? Mulikosa kuangalia kalenda?"

"Njo siku yake ya kweli, ndiyo hiyo kabisa!" nikamjibu.

"Eeh, njo vile tunasemaga sisi wote."

Mama Orpa hakucheka. Alimlaza mtoto mapajani, akaniuliza kama mvua ilinyesha, nani alimpokea, alilia namna gani. Nikamwambia yote.

"Mi sikupata mutu wa kuniambia ile," alisema. "Sasa siku yetu iko na mwenyewe. Sisi tulikuwa tunamuchungia tu."

Étienne alikwenda kwenye ubao, ambao bado ulikuwa na mosi Januari aliyoiandika kabla hatujasafiri, akaandika "Gabriella" kwa herufi kubwa, kisha akashika kitambaa afute jina lake na la mama yake.

"Acha," nikamwambia. "Ni bageni bake, wageni wa sherehe yake."