Elkana Anangoja Jibu

…nisamehe, Naftali, amesema, basi, akanyamaza, na mimi ambaye miaka yote nimekula kwa kujua kimya kikae kiasi gani kabla ukumbi haujapasuka kicheko, nimeketi jikoni kwangu hapa Harrow, London, na kimya cha mtu mmoja kimenishinda, tena mtu mwenyewe ni Elkana, Elkana ambaye tumbo lake hutangulia kuingia mlangoni yeye akafuata, Elkana tuliyelala kitanda kimoja kule Hayes tulipokuwa tunapakia trei za chakula cha abiria wa ndege, miguu yake kichwani kwangu, na soksi zile, Mungu wa Ibrahimu, soksi zile zingeweza kusafiri bila mwenyewe… Baba Jennifer, supu inapoa, anasema mke wangu Jedidah akiwa na mwiko mkononi, kwa sababu jua likizama leo ni Siku ya Upatanisho, kwetu Wayahudi hakuna tonge wala tone mpaka kesho giza liingie, nami namwambia nakuja, mama, ilhali niko mezani tayari, sijui nakuja kutoka wapi.

Na hii ni mara ya tatu. Mwaka juzi alikaa kiti hiki hiki akaomba, nikamwambia nitakusamehe ukipunguza kitambi, tukacheka mpaka Jedidah akashika ukuta, akaenda zake, kisha akanipigia simu akiwa ndani ya basi, bwana wee, umenichekesha, hujanisamehe… ndiyo shida ya kukosana na mchekeshaji mwenzako, huwezi kumlipa kwa kicheko, anajua kinavyotengenezwa. Mwaka jana nikamwambia nenda kamwombe Mzee mwenyewe, mimi ni msemaji wake tu, na Mzee, yaani baba yangu, alikuwa ameshazikwa kule juu Nyahururu, nikaona huo ni utani wa kiwango, nikajipongeza. Na rabi wetu alitufundisha, Mungu anafuta yaliyo kati yako naye, lakini ya kati yako na jirani hayagusi mpaka umwendee jirani, na ukimwendea mara tatu kwa moyo wote akikataa, wewe umeondokewa na mzigo, umebaki kwake, kwake ni kwangu, yaani niliyekosewa ndiye nitakayeingia sinagogi jioni hii nimeinama kama punda wa maji, sheria gani hii, aliyeiandika lazima alikuwa anadaiwa msamaha na shemeji yake.

Lakini nimsamehe vipi, ambaye hakumwona Mzee hataelewa. Wazee wetu wa Nyahururu ni wakulima wa viazi waliosoma Biblia tangu Mwanzo, wakafika mwisho wa Malaki, wakafunga kitabu, wakasema hapa panatosha, sisi ni Wayahudi, na baba yangu akaanza Kiebrania akiwa na wajukuu, herufi moja moja, kwa kidole kilichopasuka kwa jembe. Akaja London kututembelea, akaitwa mbele kusoma Torati, akasoma, taratibu, kikohozi kati ya neno na neno, akipotea anasema hmm na kurudi mwanzo wa mstari kama anayerudisha kuku bandani, na sinagogi zima likamngoja kwa heshima. Halafu ikaja Purimu, siku yetu ya maigizo, siku ambayo hata rabi huvaa wigi, Elkana akapanda jukwaani na kofia ya Mzee, na kidole, na kikohozi, na ile hmm, na alimpata, huyu shetani, alimpata mpaka mishipa ya shingo, watu wakalia kwa kucheka, Mzee naye akacheka, akafuta macho kwa skafu. Sabato iliyofuata akaitwa kusoma akainua mkono tu, waacheni vijana wasome. Hakusoma tena mbele za watu, si hapa, si kwao, mpaka alipokufa…

Kwa Mzee nilishaenda, Elkana anasema, na kijiko kinazunguka kikombeni ingawa sukari imeyeyuka zamani. Mwezi wa nane. Si uliniambia. Nikamwambia nilikuwa natania, wewe. Anasema najua ulikuwa unatania, lakini ndivyo inavyotakiwa uliyemkosea akishakufa, nikachukua wanaume kumi, wakasimama na mimi kaburini kwenye matope, nikataja mbele yao nilichomfanyia, sasa umebaki wewe. Elkana, ambaye ndege ikitikisika kidogo hushika mkono wa mtu asiyemjua, alipanda ndege kwa sababu ya mzaha wangu. Jibu, Dad, anasema Jennifer kutoka ngazini kwa Kiingereza chake, mtu anakusubiri hapa… mtoto, kaa kimya, baba yako anatafuta kichekesho na hakionekani.

Kwa Mzee ameshaenda, basi nimeshikilia nini, ya Mzee hayakuwa yangu kuyagawa hata kidogo, yangu ni haya tu, kwamba nampenda huyu mtu na aliniumiza, na nikimsamehe nani atakuja tena kabla ya mfungo kukaa hapa tumtaje baba yangu kwa jina… jana nilijaribu kumkumbuka akisoma, nikapata kofia, nikapata kidole, sauti haikuja, nikaitafuta kama miwani, haikuja, na hakuna aliyeirekodi, nani atawasha simu ndani ya sinagogi siku ya Sabato, imekwenda… haijakwenda. Iko hapa. Duniani kote imebaki kwenye koo moja, lile pale, lililonona, linalomeza mate likiningoja, na mimi kwa miaka hii yote nimeliadhibu kwa kuiiga vizuri mno. Nitasema nimekusamehe, neno tupu, bila mkia wa utani nyuma yake, halafu nitakayeomba ni mimi, nitamwomba polepole asije akadhani namtega, Elkana, ndugu yangu, kabla jua halijazama nisomee mstari mmoja kama yeye, na pale anapopotea, upotee… Ananitazama bado. Sijafungua mdomo.